Duluti, Momella au Chala? Msitu na ziwa kwa familia inayoanza kutembea

Mtu akitaka kuwapeleka watoto wakatembee kwenye msitu wenye ziwa, huku kwetu Kaskazini atatajiwa majina matatu: Ziwa Duluti pale Tengeru, maziwa ya Momella ndani ya Hifadhi ya Taifa Arusha, na Ziwa Chala kule Rombo, mpakani na Kenya. Yanatajwa kwa pumzi moja, kana kwamba ukikosa moja unachukua jingine na siku inakwenda vilevile. Haiendi. Duluti ni matembezi hasa, ya miguu mwanzo mpaka mwisho. Momella ni safari ya gari ambayo ndani yake kuna kipande cha kutembea. Chala ni mteremko mkali na mpando wake, na juu ya ukingo kuna mandhari ambayo sijaona mfano wake.

Kwa hiyo kabla sijamshauri mtu huwa namuuliza: katika kundi lenu, nani atachoka wa kwanza? Akishachoka, mtafanyaje? Anaweza kuwa mtoto wa miaka minne, au mama mwenye goti linalouma, au baba ambaye mwaka mzima hajatembea zaidi ya kutoka ofisini hadi kwenye gari. Safari ya kwanza ikimvunja huyo, ya pili haitakuwepo. Nimelinganisha maeneo haya matatu nikimfikiria yeye, na wale wenye nguvu watajipanga tu.

Duluti

Ziwa liko kama kilomita 14 mashariki ya Arusha mjini, mkono wa kulia wa barabara kuu ukielekea Moshi. Huhitaji gari. Unapanda daladala, unashuka Tengeru, unamalizia kwa bodaboda au kwa miguu yako. Kati ya maeneo yote matatu, hili ndilo pekee ambalo familia isiyo na usafiri wake inaweza kuamka asubuhi, ikaamua kwenda, na ikarudi nyumbani kabla ya chakula cha mchana.

Ni ziwa la kreta. Maji yake yanatandaa takriban hekta 60, mita 1,290 hivi kutoka usawa wa bahari, na hakuna mto unaoingia wala unaotoka. Maji ya mvua na ya ardhini ndiyo yanayolilisha. Vijiweni utaambiwa halina mwisho, kwamba watu walishusha kamba ikaisha. Watafiti waliokwenda kuchimba matope ya chini yake walipima wakakuta kina kikubwa kabisa ni kama mita 9. Waambie watoto ukweli huo, maana lazima watauliza, kisha uwakumbushe kwamba mita 9 ni nyumba ya ghorofa tatu chini ya maji.

Ukingoni kuna kipande cha msitu wa asili, hekta 19 hivi, kilicho chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS. Kwa mtu aliyezoea kusikia habari za misitu mikubwa, hekta 19 si kitu. Kwa anayeanza, udogo huo ndio faida. Njia inafuata maji, na maji unayaona au unayasikia karibu muda wote. Ukianza na ziwa mkono wa kushoto, ukaendelea kuliweka kushoto, utarudi pale ulipoanzia. Mtoto wa darasa la pili anaweza kukabidhiwa kazi ya kuwa kiongozi wa msafara kwa kanuni hiyo moja, na ataifanya kwa fahari.

Mzunguko mzima ni kama kilomita 4. Mtu mzima peke yake angeumaliza upesi, lakini familia ipange saa mbili, kwa sababu hakuna mtoto anayepita kwenye gogo bila kulipanda. Ardhi ni ya msituni: mizizi ya mikuyu inayokatiza njia, udongo mweusi unaoteleza baada ya mvua, sehemu nyingine ukingo umeinama kuelekea majini na lazima umshike mdogo mkono. Kigari cha kusukumia mtoto hakifai. Mtoto mchanga mbebe mgongoni kwa kanga au mbeleko.

Lakini kinachoifanya Duluti iwe bora kwa wanaoanza ni kwamba hakuna kitu kilichowekwa mwishoni. Hakuna maporomoko ya kufikia, hakuna kilele. Uzuri umesambazwa njiani. Ukitembea dakika ishirini, yule wa kwanza akasema amechoka, mnakaa mnakula mlichobeba, mnageuza. Mmeshapita msituni, mmeshakaa kando ya ziwa, mmeshaona ndege. Hakuna aliyenyimwa kitu kwa sababu ya uchovu wa mwingine, na hakuna mtoto atakayerudi akiambiwa kwamba ni yeye aliyeharibu safari.

Nenda asubuhi na mapema, utakutana na wenyeji wa ziwa. Kenge hupenda kuota jua kwenye magogo yaliyolalia maji. Mkubwa anaweza kuzidi urefu wa mtoto wa miaka sita, na amejichanganya na gogo kiasi kwamba unamtazama bila kumwona mpaka atoe ulimi. Watoto wakija mbio, mtasikia chubwi tu na mtabaki na viwimbi. Wafundishe kutembea kimya hatua thelathini kabla ya kila mahali palipo wazi. Huo tayari ni mchezo. Juu ya miti furukombe atalia na kichwa amekirudisha nyuma, sauti ambayo ukishaisikia hutaifananisha na ya ndege mwingine. Mdiria hukaa kwenye kitawi kilichoning'inia, anatumbukia kama jiwe, anaibuka na kidagaa. Kima wapo matawini, nao wanajua mkoba ulio na ndizi. Usiwalishe hata mmoja. Nyani au kima aliyezoea mkono wa mtu huishia kumng'ata mtoto.

Siku mawingu yakiwa mepesi, Mlima Meru unasimama juu ya ziwa wote, na ukibahatika Kilimanjaro nayo hujitokeza mashariki.

Kasoro zake nazisema wazi. Mwisho wa wiki na sikukuu, eneo la kupumzikia karibu na lango hujaa watu, na anayetafuta utulivu atalazimika kuingia njiani upesi. Msimu wa mvua kuna siafu. Mstari wao ukikatiza njia huwa mweusi unaong'aa, upana wa vidole viwili. Ruka, usisimame hapo kupiga picha. Mtoto akianza kurukaruka na kulia bila sababu, mvue suruali hapohapo uwatoe mmoja mmoja, usisubiri kufika langoni. Soksi zilizovutwa juu ya suruali huzuia nusu ya balaa hilo. Na ikiwa watoto wako wamekuja wakiwa na hamu ya twiga, Duluti haina twiga.

Waongozaji wapo, na kwa mara ya kwanza mchukue mmoja. Njia haipotezi, ila jicho la mtu anayekaa pale huona ndege kumi pale unapoona mmoja. Mitumbwi pia ipo. Ukipanda, kila mtoto avae jaketi la kuokolea linalomtosha na lililofungwa kifuani. Likikosekana la kipimo chake, basi abaki nchi kavu.

Mkimaliza mapema, Tengeru ina mambo yake mawili. Soko kubwa hukusanyika Jumamosi na Jumatano. Na si mbali na hapo kuna makaburi ya wakimbizi wa Poland, walioletwa huku kuanzia mwaka 1942 wakati wa Vita ya Pili ya Dunia na wakaishi kambini Tengeru kwa maelfu. Kwa watoto wakubwa wanaosoma historia, ni ziara inayogusa sana.

Momella

Hifadhi ya Taifa Arusha ilianzishwa mwaka 1960. Barabara yake inachepuka karibu na Usa River, inakufikisha geti la Ngurdoto, na kutoka hapo hadi Momella ni gari. Hapa ndipo watu wengi hawaelewi kabla hawajafika: maziwa ya Momella huyazunguki kwa miguu kama Duluti. Unayazunguka kwa gari, unasimama na kushuka mahali palipoidhinishwa tu. Matembezi ya miguu yapo, na ni mazuri mno, lakini yanafanyika na askari wa hifadhi mwenye silaha, na njia inayotumika zaidi inaanzia geti la Momella kuelekea upande wa mlima, si kando ya maziwa.

Kwa maneno mengine, Duluti inakupa msitu na ziwa katika hatua zilezile. Momella inakupa ziwa kupitia dirishani, kisha msitu kwa miguu. Ukishalikubali hilo, utaifurahia. Ukienda ukitarajia vingine, utarudi umenuna.

Maziwa yenyewe ni saba, makubwa na madogo, katika mita takriban 1,450. Mlima Meru, ambao leo una mita 4,566, ulimomonyoka ubavu wake wa mashariki maelfu ya miaka iliyopita. Tope na miamba vilimwagika mpaka huku chini vikaacha mashimo na vilima, na maji ya ardhini yakajaza mashimo. Kila ziwa lina madini na mwani wake, ndiyo maana moja unalikuta la kijani, jirani yake ni la buluu, na jingine lina rangi ya chai ya maziwa. Ni maji ya magadi. Yana floridi nyingi sana, ileile inayotoka kwenye miamba ya Meru na kuyapa meno ya watu wengi wa ukanda huu rangi ya kahawia. Mtoto aliyewahi kuuliza kwa nini meno ya babu yako vile, Momella ndipo pa kumjibia.

Mwani huo ndio chakula cha heroe (flamingo). Mwani ukistawi, wanakuja kwa maelfu na ukingo unageuka waridi. Ukipungua, wanahamia maziwa mengine. Kwa hiyo usimwahidi mtoto heroe. Mwahidi twiga, maana pale mbugani karibu na geti la Ngurdoto, panapoitwa Serengeti Ndogo, kuwakosa ni nadra. Kwenye msitu wa Ngurdoto tafuta mbega: manyoya meupe yanayoning'inia mgongoni, mkia mrefu wenye kishada, na utulivu wa wazee wa baraza. Kreta ya Ngurdoto unaitazama kutoka juu tu, kushuka hakuruhusiwi, na nadhani ni uamuzi mzuri.

Sasa hayo matembezi. Kutoka geti la Momella mnavuka uwanda wa nyasi ambako nyati hulisha, ngiri wamepiga magoti wakikata majani, na mara nyingi twiga wamesimama hatua chache kutoka njiani. Kisha mnaingia msituni na kupanda polepole hadi maporomoko ya Tululusia, maji yanayoanguka mita 28. Kwenda na kurudi ni saa mbili hadi tatu. Si mpando mkali, ila mnatembea juu ya mita 1,500, na mtu ambaye hajazoea ataanza kuhema mapema kuliko alivyotarajia.

Kumwona nyati ukiwa umesimama kwa miguu yako mwenyewe ni jambo jingine kabisa na kumwona kutoka kwenye gari. Anainua kichwa, anakuangalia bila kupepesa, pua juu, na kundi zima linaacha kutafuna. Askari anainua mkono, mnasimama. Hakuna anayeongea. Baada ya muda mmoja wao anarudisha kichwa majanini, wengine wanafuata, na mkono wa askari unashuka. Mtoto wa miaka kumi na miwili atakisimulia kisa hicho shuleni muhula mzima. Wa miaka minne, katika dakika ileile, huenda akaamua kulia kwa sauti au kukimbia, na hapo ndipo penye tatizo.

Rudi kwenye swali langu la mwanzo: nani atachoka wa kwanza? Momella mnatembea kundi moja na askari mmoja, kwa mstari, kwa mwendo mmoja. Mtu akichoka katikati ya uwanda wa nyati, hawezi kuachwa chini ya mti asubiri. Kundi zima linageuka. Wale waliotaka maporomoko wanayakosa, na aliyechoka anajua wameyakosa kwa ajili yake. Kwa hiyo Momella ya miguu ninaishauri kwa familia ambayo aliye mdogo kabisa ana uwezo wa kutembea saa tatu na kutii ishara ya mkono. Masharti ya umri kwa matembezi na kwa mitumbwi ya Momella Ndogo yaulizwe wakati wa kupanga, wala si getini watoto wakiwa wameshavaa kofia.

Familia yenye watoto wadogo isijinyime hifadhi hii, lakini iende kwa gari: Serengeti Ndogo, msitu wa Ngurdoto, mzunguko wa maziwa, chakula kwenye eneo la kupumzikia, kisha ule mkuyu maarufu wenye tao ambalo gari hupita chini yake. Ni siku nzuri sana. Ila usiihesabu kuwa matembezi.

Gharama hapa zinapanda kwa sababu zinajipanga juu ya nyingine: kiingilio cha kila mtu, kiingilio cha gari, ada ya kutembea na ya askari, ya mtumbwi ukitaka, pamoja na gari lenyewe na mafuta. Watoto chini ya miaka 5 hawalipi kiingilio, na wa miaka 5 hadi 15 hulipa pungufu ya mtu mzima. Raia wa Afrika Mashariki wanatozwa viwango vyao, kwa hiyo beba kitambulisho. Malipo hayapokelewi kwa fedha taslimu getini. Kadi au namba ya malipo vishughulikiwe kabla, kwani mtandao ukisumbua, watoto watakaa garini juani.

Chala

Ziwa hili nalipenda kuliko yote matatu, na ndilo ninalolishauri kwa watu wachache zaidi.

Liko Wilaya ya Rombo, kama kilomita 50 kutoka Moshi kupitia Himo, kipande cha mwisho kikiwa vumbi. Mpaka wa Tanzania na Kenya unapita katikati ya maji. Ukifika huoni ziwa. Unaona nyasi kavu, migunga, mibuyu, unatembea hatua chache, na ghafla ardhi inakatika: chini yako, kama mita 100, kuna maji ya buluu iliyoiva ambayo baadhi ya miezi hugeuka kuwa ya kijani. Eneo lake ni kilomita za mraba 4 na kidogo, kina chake kinapita mita 90, na linalishwa hasa na maji yanayopita chini ya ardhi kutoka Kilimanjaro. Samaki mmoja wa jamii ya perege asili yake ni ziwa hili peke yake. Mwaka 2016 wanasayansi walichimba sakafu yake zaidi ya mita 200, wakapata tabaka za matope zinazosimulia mvua na ukame wa Afrika Mashariki kwa takriban miaka 250,000. Mwambie hilo kijana wa sekondari akiwa amesimama pale ukingoni.

Kwa matembezi una njia mbili. Ya juu, kwenye ukingo, haina mpando wa kutisha na unakwenda umbali unaoutaka kisha unageuka; katika hilo inafanana na Duluti. Tofauti ni kivuli: Duluti una miti juu ya kichwa, Chala una jua la mita 880 tu kutoka usawa wa bahari, na joto lake halina huruma kuanzia saa nne. Tofauti ya pili ni ukingo wenyewe. Duluti mtoto akiteleza atachafuka. Chala akiteleza ni habari nyingine. Mtoto aliye chini ya miaka saba asiachwe mkono hata wakati wa kupiga picha, na hiyo huchosha mzazi na mtoto.

Ya pili ni ya kushuka hadi majini. Ni fupi, ni ya changarawe inayokimbia chini ya kiatu, na inahitaji mikono. Watu wanaoanza hudanganyika hapa, kwa sababu kushuka ni rahisi kwa mapafu. Bei hulipwa wakati wa kurudi, juani, maji ya kunywa yameisha. Aliyechoka akiwa chini hana njia nyingine ya kutoka zaidi ya ileile. Hakuna gari linalofika, na kumbeba mtu mzima kwenye mteremko ule ni kuwahatarisha wawili. Chukua mwongozaji wa pale. Tembo pia hupita ukanda huu, na wenyeji ndio wanaojua wamepita wapi jana.

Watu wakifika chini hutamani kuogelea. Mwaka 2002 msichana mtalii aliuawa na mamba katika ziwa hili. Mimi sioni sababu ya kuujadili tena uamuzi huo mbele ya watoto: Chala hatuogelei.

Maji, mvua na viatu

Wala Duluti na Momella hatuogelei. Duluti ukingo ni wa matope na majani, na konokono wa maji baridi ndio wanaobeba kichocho sehemu nyingi za nchi yetu. Momella ni magadi, na viboko wapo. Bebeni maji ya kunywa kutoka nyumbani, lita moja kwa mtu Duluti, moja na nusu Momella, mbili Chala.

Masika, kuanzia Machi hadi Mei, Duluti inabaki kuwa inawezekana ukikubali matope. Barabara za ndani ya hifadhi huteleza na gari dogo linaweza kukwama. Mteremko wa Chala wakati huo usiuguse. Juni hadi Agosti ni baridi na Meru hujifunika asubuhi, hivyo aliyekuja kwa ajili ya mlima avute subira mpaka mchana, lakini kwa kutembea ndiyo miezi mizuri kuliko yote, na ndiyo miezi pekee ambayo Chala naipendekeza bila kusita. Januari na Februari Chala iwe alfajiri au isiwe.

Viatu: kwa Duluti raba za kawaida zenye soli yenye meno zinatosha, na mtu asinunue kitu kipya kwa ajili yake. Momella vaa suruali ndefu, nyasi zina kupe na msituni kuna majani yanayowasha. Chala kiatu kinachoshika kifundo cha mguu. Kandambili zibaki nyumbani kwa maeneo yote matatu, hata kama mjomba anasema amezizoea.

Nani aende wapi

Mna mtoto chini ya miaka sita, au mzee, au mtu anayetoka kwenye ugonjwa: Duluti, bila mjadala. Msipange kuzunguka ziwa lote. Pangeni dakika ishirini za kwenda, na kama kila mtu bado anacheka, ongezeni.

Watoto wenu wana miaka kumi na kuendelea na wamekwisha kuizunguka Duluti bila malalamiko: sasa Momella ya miguu ina maana. Kuitanguliza ni kulipa fedha nyingi kwa jaribio ambalo Duluti ingewafanyia kwa nauli ya daladala.

Kundi la mchanganyiko, yaani vijana wanaotaka kupanda na bibi anayetaka kukaa, lina mahali pake pia, na watu hawapafikirii: Chala, ukingoni. Bibi anawekewa kiti kwenye kivuli akiwa na ziwa lote mbele yake, vijana wanashuka na mwongozaji, na anawaona wakirudi. Momella kundi hilo hilo lingelazimika kugawana askari na magari.

Linabaki swali la watu wa Moshi wenye mtoto mdogo, ambao hushawishika na Chala kwa kuwa ni karibu zaidi. Kilomita 50 za Chala dhidi ya 65 hivi za Tengeru. Kwa mtoto wa miaka mitatu ningeendesha hizo 65. Ni lami tupu, na mwisho wake kuna kivuli. Ondokeni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mpite Usa River kabla malori hayajaamka, na epukeni Jumamosi kama hamna shughuli na soko, kwa sababu kuivuka Tengeru siku hiyo kunaweza kuchukua muda mrefu kuliko kipande chote cha kutoka Boma Ng'ombe.